Mji Niliopewa

Nuria alipokuwa mdogo hakupenda kujibu vitendawili. Si kwamba hakuwa na akili; akili alikuwa nayo ya kugawa. Alichopenda ni kushindwa. Nikitega, ataangalia dari, atatafuna ukosi wa gauni lake, kisha atasema, "Nimeshindwa, Bibi," huku macho yanacheka, maana anajua kinachofuata. Kwetu mtu akishindwa kitendawili hapewi jibu bure. Anaombwa mji. "Haya, nipe mji," ningemwambia, naye angechagua mji wowote ulimwenguni akanipa. Nami ningeuingia mji ule, nieleze nilivyopokelewa, nilichokula, kitanda nilicholazwa, mpaka nishibe safari, ndipo nitoe jibu.

Alinipa Muheza, alinipa Kigoma, miji aliyoisikia mdomoni mwa mama yake. Siku moja akanipa Richmond Hill, kwa kuwa mwenzake wa darasani alikuwa amehamia huko. Nilikwenda Richmond Hill nikiwa nimekaa palepale kwenye kochi letu la Flemingdon Park, hapa Toronto, nikala pilau kwa mkubwa wa mji, nikalala kitanda cha besera chenye chandarua, naye akacheka mpaka akashikwa na kwikwi.

Ndio ulikuwa wakati wake wa Kiswahili. Mambo mengine yote alinijibu kwa Kiingereza, kama watoto wote wa huku: unamwambia avae soksi kwa lugha yako, anakwambia ameshavaa kwa lugha yake. Lakini kitendawili alikifungua kwa Kiswahili, kwa sababu mlango ule hauna ufunguo mwingine.

Mama yake, mwanangu Zuhura, ndiye aliyenileta Toronto nije nimsaidie kulea. Nuria alipokuwa na miaka tisa, Zuhura akaugua ugonjwa wa damu. Jioni moja hospitalini madaktari wawili walisimama miguuni mwa kitanda, wakazungumza kwa sauti ya chini huku wakingoja mkalimani wa kwenye simu apatikane. Hawakujua kwamba mtoto aliyekaa mapajani mwangu anasikia kila neno. Nikaona uso wake unabadilika.

"Wanasemaje?" nikamuuliza.

Nikamuuliza tena. Akanishika kidevu, akanigeuza nimtazame yeye.

"Bibi, nimeshindwa," akasema. "Nakupa Lindi."

Lindi ndiko alikozaliwa mama yake. Na mimi sikuwa nimetega kitendawili chochote. Basi nikaingia Lindi, palepale kwenye kiti cha hospitali, nikaeleza nyumba yetu, na bomba la uani, na Zuhura anavyokimbia na kipande cha mkate wa kumimina kisije kikanyakuliwa na kaka zake. Nikaeleza mpaka mkalimani akapatikana, na hakuwa na jipya la kuniambia.

Tukabaki wawili. Kuanzia hapo Nuria akawa mdomo wangu. Kliniki ni yeye, benki ni yeye, fundi wa jiko akija ni yeye. Mimi nilisoma mpaka darasa la saba, na Kiingereza changu ni cha kununulia vitunguu. Shuleni kwao walishazoea: leo Nuria hayupo, amempeleka bibi yake kupimwa macho. Akakua hivyo, akasoma, akapata kazi ya kompyuta kwenye kampuni ya bima, akaolewa na Khalil, kijana wa Richmond Hill ambaye wazazi wake ni watu wa Morogoro. Khalil naye akahamia kwetu, tukawa watatu kwenye vyumba viwili, na bado kodi ilimaliza mshahara wake wote, wa Nuria ukabaki mifupa.

Jumapili moja, ilikuwa Idi, nilikuwa nachoma vitumbua. Nuria anazungukazunguka jikoni, anafungua friji, anafunga, anafungua, anafunga. Khalil amekaa mezani anaangalia kikombe kama kimeandikwa kitu ndani. Nikautazama uso wa Nuria, nikautambua. Nilikuwa nimeuona mara moja tu kabla ya siku ile. Nikafuta mikono kwenye khanga, nikaona nimsaidie.

"Kitendawili."

"Tega," alisema, sauti ndogo.

"Hana meno, hana tumbo, mwisho wa mwezi anakula kutushinda sote."

"Hiyo rahisi, Bibi," Khalil akadakia. "Nyumba."

"Wewe umeulizwa?"

"Nimelipa jana tu, Bibi. Inaniuma bado."

Nuria hakucheka. "Nimeshindwa," alisema. "Nakupa Da Nang."

Nikangoja aniambie ni wapi. Sikuwahi kupewa mji nisioweza kuuingia, na ule sikujua hata mlango wake uko upande gani.

"Iko Vietnam," akasema.

"Wanakula nini huko?"

"Wali. Wali na samaki, Bibi. Kama kwenu." Akaanza kulia.

Basi Khalil akanieleza. Kazi ya Nuria ni ya kompyuta, na bosi amekubali aifanyie popote penye intaneti. Yeye Khalil atafundisha Kiingereza. Walishatafuta nyumba, walishajua bei. Nyumba ya chumba kimoja na sebule, karibu na soko, milioni tisa kwa mwezi.

Nikaweka upawa chini. "Milioni tisa, na mnasema ni nafuu?"

"Ni pesa ya kwao, Bibi. Dong. Dola moja ya hapa unapewa elfu kumi na nane na ushee. Kule nitaamka milionea kabla sijapiga mswaki."

Habari yangu mimi sikuiuliza. Nilirudi kwenye vitumbua, maana vilishaanza kuungua. Nuria akaja akasimama ubavuni kwangu, bega kwa bega, kama tulivyozoea kusimama kwenye foleni.

"Wewe utakuja," akaniambia. "Nyumba za huko ni nyembamba na ndefu, ngazi juu ya ngazi, na magoti yako hayawezi. Inatakiwa nyumba yenye chumba cha kulala chini. Hiyo ni milioni kumi na nne. Tofauti ni milioni tano kila mwezi. Ngoja tufike, tuone bajeti. Bajeti ikiruhusu nakuja kukuchukua mwenyewe."

"Bajeti ikiruhusu," nikarudia. Nikalishika neno hilo kama mtu aliyekabidhiwa ufunguo.

Wakaondoka Septemba. Nyumba tukairudisha kwa wenyewe, nami nikapanda ghorofa tatu juu, kwa Azmina.

Azmina ni mzaliwa wa Tabora, mjane wa Aliakbar aliyekuwa na duka la vitambaa na vipuri vya baiskeli. Tulijuana kwenye lifti, miaka mingi iliyopita: ilikwama, nikamsikia Mhindi ananong'ona matusi ya Kinyamwezi na ya Kiswahili kwa zamu, nikajua nimepata ndugu. Watoto wake wako Vancouver. Jioni mpwa wake humpitia na gari kumpeleka kuswali jamatkhana, Wynford Drive, akirudi ana umbea wa nusu ya Toronto. Chumba chake cha pili nilikichukua kwa muda. Tulikubaliana hivyo, kwa muda, na kwa hiyo sanduku langu sikulifungua. Lilikuwa na magauni mepesi, khanga doti tatu, na mbuzi ya kukunia nazi niliyomwagiza mtu kutoka Dar, kwa sababu Nuria aliniambia nazi za kule zinauzwa barabarani, mbichi, unachagua mwenyewe.

"Sanduku lako linakaa njiani, Bi Kawthar," Azmina akaniambia wiki ya kwanza. "Nimejikwaa tena."

"Linaondoka karibuni."

"Na mwenyewe?"

"Tunaondoka wote."

"Basi wakati mnasubiri ndege, wewe na sanduku lako, sogeeni nipite."

Simu ilikuwa kila Ijumaa baada ya chakula cha jioni. Kwetu giza linaingia, kule kumekucha Jumamosi na Nuria anakwenda sokoni. Nilimwambia anitie kwenye mfuko wa shati, kamera ichungulie nje, ili nione anachonunua. Hivyo ndivyo nilivyoijua Da Nang, kutoka mfukoni. Niliona meza za samaki zinazomwagiwa maji, pikipiki zinazopita katikati ya watu bila mtu kugeuka, na mwanamke mwenye buti za mpira anayeuza mboga amechuchumaa. Siku ya kwanza tu nikaona fungu lililonifanya niite.

"Simama. Hayo ni matembele."

"Wanakula hapa, Bibi. Wanachemsha."

"Wanachemsha tu? Maskini. Chukua, nitakwambia la kufanya."

Halafu nikagundua jambo. Dong ukiifuta sifuri moja, unabaki na shilingi ya Tanzania, karibu sawasawa. Sijui nani alizipima zikalingana hivyo. Miaka yote Toronto bei sikuwahi kuzisikia mwilini. Nikiambiwa dola sita naona namba, sioni kitu. Lakini kule, nikifuta sifuri, kila kitu kinasema lugha yangu. Mchele elfu ishirini, nafuta, elfu mbili. Yai elfu nne, nafuta.

"Mia nne yai moja?" nikamwambia. "Wanakuibia. Rudisha."

"Bibi, ndiyo bei."

"Yai ni shilingi sitini. Mwambie."

Azmina alikuwa kwenye kochi anamenya kitunguu saumu. "Sitini ya mwaka gani?" akauliza.

"Ya kawaida."

"Ya kawaida ya wakati ule Nuria hajaota meno ya utu uzima. Mpwa wangu alikuwa Dar mwezi uliopita. Yai mia nne, na ukichelewa hulipati. Mwache mtoto anunue mayai."

Sikumwamini, nikampigia binamu yangu Lindi kuhakikisha. Yai mia nne. Nilikaa na simu mkononi. Kichwani mwangu nchi yangu ilikuwa imesimama siku ile ile niliyoiacha, inanisubiri na mayai yake ya sitini.

Lakini kubana sikuacha. Nilijua nabania nini. Milioni tano, na nilimwambia Nuria tutazitafuta mojamoja. Maharage yalowekwe tangu jana yake, mtungi wa gesi ukae zaidi. Samaki anunuliwe mzima, kichwa ni mchuzi wa siku ya pili. Sokoni aende mapema, akamwombe mwanamke wa buti nyongeza. Akaomba kwa mikono, akapewa majani ya vitunguu na pilipili bure, na ikawa desturi yao. Kiyoyozi kiwashwe wakati wa kulala tu, mchana wafungue madirisha kama watu. Kisha nikafika kwa Khalil.

"Bibi, hata kahawa?" alilalamika, ameingiza uso kwenye simu. "Elfu ishirini na tano tu."

"Mara ngapi kwa siku?"

"Inategemea na joto."

"Na joto liko siku ngapi?"

Akafikiri. "Siku zote, Bibi."

"Basi nunua chujio upike nyumbani."

Akanunua chujio dogo la bati, wanalo kule, linakaa juu ya kikombe linadondosha tone tone. Alinionyesha kila wiki kama mfungwa anayeonyesha pingu zake, lakini alilitumia. Na mimi kila kilichobanwa nilikipa jina. Kahawa ya Khalil ilikuwa mapazia ya chumba changu. Kiyoyozi kilikuwa kitanda. Gesi ilikuwa mlango, na dirisha linalotazama uchochoro nililipata kwenye vichwa vya samaki. Mpaka Desemba nilikuwa na chumba kizima kichwani, nalala ndani yake, na theluji ya Flemingdon Park inaanguka nje ya dirisha la mtu mwingine.

Februari Nuria alinisomea hesabu ya mwezi. Alisoma taratibu, na mwisho akasema baada ya kila kitu zimebaki milioni tano na laki mbili.

"Basi chumba kimetimia," nikasema.

Nikasikia pikipiki zinapita. "Tuone mwezi ujao, Bibi. Huenda ni bahati."

Mwezi uliofuata zikabaki zaidi. "Tuone," akasema tena. Wa tatu pia zikabaki. Ndipo akaniambia kuna suala la bima ya matibabu, kwamba kwa mtu wa umri wangu kule ni ghali.

"Ghali kiasi gani?"

"Ghali, Bibi."

"Sema tu, tuitafute. Tumetafuta nyingine."

Hakujua. Mtoto aliyejua bei ya ndimu sokoni asubuhi na bei ya ndimu sokoni jioni, tena ambaye kazi yake ni bima, hiyo moja hakuijua.

Niliiweka simu mezani. Azmina alikuwa amesikia, kuta zetu si za siri.

"Shoga," akaanza.

"Usiseme."

"Mimi nimekaa dukani miaka thelathini. Mteja analeta nusu, unamwambia ongeza. Analeta robo tatu, unamwambia ongeza. Akileta bei kamili na bado humpi kitambaa, basi kile kitambaa hakikuwa cha kuuzwa. Ulichelea tu kumwambia."

"Nuria si mwenye duka."

"Nuria amekuwa mama yako tangu ana miaka tisa. Nilikuwa namwona kwenye lifti. Begi la shule mgongoni, faili lako la kliniki mkononi, amekunja uso kama karani. Mtoto wa watu hakuwa anacheka, Bi Kawthar. Kule atakuwa mdomo wako tena, na safari hii kwa lugha ambayo hata yeye haijui."

Sikumsemesha siku nzima ya pili yake. Jioni aliniletea chai ya tangawizi chumbani, nikainywa bila kumshukuru, nikamrudishia kikombe.

Ijumaa iliyofuata nilikaa kimya mfukoni mwa shati la Nuria, sikuamrisha kitu. Nilisikiliza. Ukiwa mfukoni mwa mtu unasikia zaidi ya unavyoona. Nilimsikia anataniana na mwanamke wa buti, maneno matatu ya kule, mengine vicheko. Nilisikia pumzi zake. Zilikuwa za mtu asiye na haraka, anayetembea mpaka atakapochoka, hakuna anayemsubiri kwenye kiti cha plastiki na karatasi asiyoweza kuisoma. Nilimlea yule mtoto, nililala naye kitanda kimoja mwaka mzima baada ya mama yake. Pumzi za namna ile sikuwahi kuzisikia kwake.

Nikajua, basi. Lakini kujua ni kitu kimoja, na moyo ulibaki umekaa juu ya sanduku.

Mei ilipoingia, miti ya bondeni chini ya jengo letu imeanza majani, Nuria alinipigia akiwa ameketi. Hakunitia mfukoni. Aliishika simu mbele yake, kwa mikono miwili, nyuma yake ukuta wa njano wa nyumba yao.

"Bibi," alisema kwa Kiingereza, "kuhusu chumba."

Akaanza tena, "Nataka uelewe kwamba," akanyamaza. Na uso ukawa ule. Mara ya tatu. Midomo imekazwa, macho yamejaa na hayamwagiki, uso wa mtoto aliyesikia jambo kubwa kumzidi na anajua ataulizwa wanasemaje.

Ningeweza kumwacha aseme. Angesema, ana adabu, angechagua maneno mazuri, na angeyabeba maisha yake yote. Nikaona hapana. Alishabeba ya kutosha kwa ajili yangu.

"Kitendawili," nikamwambia.

"Bibi, subiri, kuna kitu nataka..."

"Kitendawili, nimesema."

Akavuta pumzi. "Tega."

"Nimempa pumzi yangu, aliposhiba akapaa."

Aliangalia juu, kama alivyokuwa akiangalia dari ya Flemingdon. Machozi yakashuka yenyewe. Hakuyafuta.

"Nimeshindwa," akasema, kwa Kiswahili.

"Haya. Nipe mji."

Nisiseme uongo, nilikuwa bado natumaini. Mji mmoja tu niliutaka, na nilikuwa nimejiandaa kuuingia kuliko mji wowote niliowahi kupewa. Nilijua soko lake. Nilijua yule mwanamke na buti zake, nilijua matembele yanakaa meza ya ngapi. Aseme tu jina nami ningeingia na sanduku langu mkononi.

"Toronto," alisema Nuria. "Nakupa Toronto, Bibi."

Mtu akikupa mji unaingia. Huchagui, hurudishi. Nikanywa maji yaliyokuwa mezani, nikaanza.

"Basi nimeingia Toronto," nikamwambia. "Nimefika na sanduku moja. Nimepokelewa na bibi mmoja wa Kitabora, mdomo kama wembe, akaniambia nisogee apite. Amenipa chumba ghorofa ya tisa. Dirisha lake linatazama bonde zima, miti inaota majani sasa hivi, magari chini yanakwenda kama siafu na sisikii kelele zao. Asubuhi napewa chai ya maziwa iliyochemshwa mpaka ikakiri. Mchana nashuka na lifti, ikikwama tunaitukana kwa lugha mbili. Nimekwenda kliniki, wana mkalimani, kijana wa Bukoba, ananiita Mama, anatafsiri vizuri kabisa, hata utani anautafsiri. Kodi yangu nimelipa. Wali nimekula. Kitanda nilichopewa hakiyumbi. Mji ule, Nuria, umenipokea. Mtu akiniuliza nitasema nimeshiba."

Alikuwa ameweka kiganja mdomoni. Khalil alikuja nyuma yake, akamshika mabega, akaniangalia, kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha.

Yule kijana wa Bukoba yupo kweli. Nilikuwa nimekwenda naye mara moja tu, wiki ile, kujaribu. Utani hakuutafsiri.

"Na jibu?" Nuria akauliza, kama alivyokuwa akiuliza zamani.

"Puto."

"Puto?"

"Unalipuliza kwa pumzi yako, likijaa ukiliachia linapaa. Sasa ulidhani nini?"

"Nilidhani ni mimi."

"Wewe si puto. Puto likipaa halipigi simu."

Akacheka na kulia pamoja, makamasi na yote, kama zamani. Tukaongea mengine kidogo, sijui yapi. Nilipokata simu nilikuta Azmina amesimama mlangoni na kitambaa cha vyombo. Aliingia, akaliinua sanduku langu kutoka njiani, kwa taabu, maana naye mgongo hana, akaliweka kitandani. Akafungua kufuli la upande wake, akaningoja nifungue la upande wangu.

Tulitoa magauni mepesi tukayaning'iniza kabatini, tukatoa khanga. Chini kabisa ilikuwa mbuzi ya nazi. Azmina akaigeuza huku na huku.

"Hii nayo? Hapa nazi ni za pakiti."

"Najua."

Akaikunjua, akaiweka sakafuni, akaikalia, meno ya chuma yakachomoza mbele ya magoti yake. "Angalau jikoni tumepata kiti cha pili," alisema. Hapo ndipo nililia. Alibaki amekaa palepale chini, juu ya ile mbuzi, ananishika kifundo cha mguu, mpaka nikamaliza.

Kile chumba cha chini ilinibidi nikivunje. Sikuweza kukivunja kwa mara moja. Kila nilipolala nilijikuta ndani yake, nikatoa kitu kimoja kimoja, leo pazia, kesho kitanda, mpaka likabaki dirisha la uchochoroni, na hilo sijalitoa.

Ijumaa iliyofuata nilikuwa nimeiweka simu mezani mapema, sina hakika kama itaita. Bajeti ilikuwa imekwisha kazi yake, nikadhani huenda na simu ndiyo ilikuwa ya bajeti. Tukala, Azmina akatoa vyombo. Ikaita.

"Niko sokoni," alisema Nuria. "Nataka kupika matembele leo. Nazi natia mwanzo au mwisho?"

"Tui jepesi mwanzo, zito mwisho, na usifunike. Fungu wanasema kiasi gani?"

"Elfu kumi."

Nikafuta sifuri moja. "Wamekupiga," nikamwambia. "Mwambie wa buti akuongeze."

Akanitia mfukoni, tukaenda kuomba nyongeza.